Kagondo Ipi?

“Haloo! Moto huku, moto! Njooni haraka!”

“Pole, ndugu. Uko wapi?”

“Hapa Kagondo.”

“Kagondo ipi?”

Mtu aliyekulia Kagera hashangai kusikia swali hilo la mwisho. Kagondo ni moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba. Kagondo vilevile ni mahali wilayani Muleba, penye hospitali ya Kanisa Katoliki inayojulikana mkoa mzima. Kati ya Kagondo hizo mbili kuna makumi ya kilomita za barabara. Katoro nayo iko Bukoba Vijijini, lakini msikilizaji aliyezoea Geita akisikia jina hilo huwaza mji mkubwa wa machimbo na biashara. Nyakato ya Bukoba, ile yenye sekondari iliyobomolewa na tetemeko la Septemba 10, 2016, ina mwenzake jijini Mwanza. Gari la zimamoto likitumwa kwa jina tupu, linaweza kukimbia kwa kasi yote kuelekea upande usio na moto.

Wenyeji wamezoea kuishi na majina haya kwa sababu wanajuana. Ukimuuliza mtu wa Kamachumu njia ya kwenda kwake, atakuelekeza kwa makanisa, miti na watu: panda mpaka kanisani, ukiona mashine ya kusaga kata kushoto, shuka kidogo, kisha uliza kwa Ta Fulani. Nyumba yenyewe huioni barabarani. Imezungukwa na kibanja, migomba na mibuni iliyopandwa pamoja, na njia ya kuingilia ni uchochoro wa mtu mmoja. Kwa mgeni anayekwenda kusalimia mchana, maelekezo hayo yanatosha. Kwa dereva wa gari la wagonjwa saa nane usiku, mvua inanyesha na hakuna mtu njiani wa kumuuliza, hayatoshi hata kidogo.

Ofisi, benki, hospitali, vyuo na viwanda vinadhaniwa kuwa na nafuu. Vina vibao, mageti na walinzi, na anwani zao zimechapishwa kwenye barua. Lakini ni humo humo ndimo tatizo limejichimbia kimyakimya, na zilizolileta ni simu mpya za mezani.

Enzi za simu za waya, namba na nyumba vilifungwa pamoja kama mbuzi na kigingi chake. Kampuni ya simu ilijua waya wa namba fulani umeishia ukuta upi. Hata tarakimu za mwanzo zilisema kitu: 022 ni Dar es Salaam, 028 ni Mwanza, Kagera, Mara na Shinyanga. Mpokeaji wa simu ya dharura, hata kama mpigaji amezimia kabla ya kumaliza sentensi, alikuwa na pa kuanzia.

Simu za leo za ofisini nyingi hazipiti kwenye waya wa namna hiyo. Sauti hukatwakatwa vipande vidogo vya data na kusafirishwa kwenye mtandao uleule unaobeba barua pepe. Mtambo mmoja wa simu, ukiwa makao makuu, unaweza kuhudumia matawi yote ya nchi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeurahisisha utaratibu huu, na faida zake si za kubeza: matawi yanaongea bila gharama ya ziada, mfanyakazi akihamishwa anachukua namba yake, na simu inaweza kuwa programu tu ndani ya kompyuta mpakato. Namba imefunguliwa kutoka kwenye kigingi.

Tuchukue mfano wa taasisi yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi mjini Bukoba. Mhasibu wa tawi anaona moshi ukitoka kwenye chumba cha jenereta. Ananyanyua simu ya mezani na kuomba msaada. Sauti yake inasafiri hadi Dar, inaingia kwenye mtambo, na inatokea huko kwenye mtandao wa umma ikiwa imevaa namba inayoanza na 022. Anayepokea ana kila sababu ya kuamini kwamba moshi uko Dar es Salaam. Mhasibu akisema “niko Nyakato” au “niko tawini, ghorofa ya pili”, amesema kweli tupu na bado hajasaidia.

Jambo hili limekwisha kuua. Mwaka 2008, mjini Calgary nchini Kanada, familia moja ilipiga simu ya dharura kwa ajili ya mtoto mdogo. Walikuwa wakitumia simu ya intaneti waliyohama nayo kutoka jimbo la Ontario, na kumbukumbu za simu hiyo bado zilikuwa na anwani ya nyumba yao ya zamani. Gari la wagonjwa lilitumwa Ontario, maelfu ya kilomita kutoka alipokuwa mtoto. Mtoto alifariki dunia. Simu yenyewe ilifanya kazi na mpokeaji alifanya wajibu wake. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa anwani ambao haukubadilishwa familia ilipohama.

Kisa cha pili kinawahusu zaidi wenye ofisi na hoteli. Desemba 1, 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na mumewe aliyekuwa ametengana naye. Binti yake wa miaka tisa alifanya kama alivyofundishwa: alinyanyua simu ya chumbani na kubonyeza 911. Alijaribu mara nne. Simu haikutoka, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka mpigaji abonyeze 9 kwanza ili apate laini ya nje, na hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto habari hiyo. Mama yake aliuawa. Babu wa mtoto, Hank Hunt, alipigania mabadiliko mpaka Februari 16, 2018, sheria yenye jina la Kari ilipotiwa saini. Sheria hiyo inataka mitambo mipya ya simu za taasisi nchini Marekani iruhusu namba ya dharura kupigwa moja kwa moja bila tarakimu ya kutangulia, na mara ipigwapo, mtu wa mapokezi au ulinzi apewe taarifa papo hapo.

Mwaka huohuo ilipita sheria nyingine ya Marekani iliyozaa kanuni kali zaidi. Simu ya dharura ya taasisi lazima ibebe mahali ambapo mwokoaji anaweza kufika mlangoni, yaani anwani ya jengo pamoja na ghorofa, chumba au sehemu nyingine inayohitajika ili mtu apatikane. Kwa simu zisizohamishwa kanuni ilianza Januari 6, 2021, na kwa zile zinazohamahama, Januari 6, 2022.

Bukoba si Texas, na hakuna anayesema sheria za watu ziletwe zilivyo. Lakini desturi ya kubonyeza 9 au 0 kupata laini ya nje ipo katika ofisi zetu, na hoteli zinazoelekea Ziwa Victoria hupokea wageni ambao hawajawahi kuiona simu ya chumba wanacholala. Swali la mtoto yule wa Texas linafaa kuulizwa Bilele na Miembeni mjini Bukoba: je, mgeni akibonyeza 112, polisi wanaitwa, au anasikia mlio wa kukosea namba?

Sasa tuingie chini ya meza, kwa sababu huko ndiko kazi iliko. Ofisini kwenye mtandao uliopangwa vizuri, kebo ya simu huingia kwenye soketi ya ukutani yenye lebo ndogo, labda herufi moja na tarakimu mbili. Kutoka hapo waya unapita ndani ya ukuta hadi kwenye kabati la mtandao, ambamo swichi inawaka vitaa vya kijani, kila kitaa na tundu lake. Swichi inajua bila kukosea ni simu ipi imechomekwa tundu lipi. Hata inaweza kuiambia simu, kwa lugha maalumu ya vifaa, mahali inapodhaniwa kuwa. Ila swichi haijui kwamba tundu la 14 linaishia chumba cha wahasibu, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Hilo hujulikana na binadamu, na binadamu lazima aliandike.

Maandishi hayo ndiyo moyo wa mambo yote. Wengine huyaweka kwenye programu maalumu, wengine kwenye jedwali la kompyuta, na ofisi ndogo inaweza kuyaweka kwenye daftari la karatasi. Kila mstari unajibu maswali yaleyale: tundu lipi, soketi ipi, chumba kipi, ghorofa ipi, jengo lipi, mtaa upi. Kuyaandika mara ya kwanza ni kazi ya siku chache. Kuyatunza yabaki kweli ni kazi isiyoisha, na hapa ndipo taasisi nyingi hushindwa.

Anayelijua hilo vizuri ni afisa TEHAMA. Radi imepiga usiku, kama zipigavyo mara kwa mara ukanda huu wa ziwa, na asubuhi swichi imeungua. Watu wamejazana mlangoni, mtandao hakuna, meneja anapiga simu kila dakika tano. Afisa anafunga swichi mpya na kuchomeka kebo popote penye tundu wazi. Saa nne kazi zinaendelea, wote wanamshukuru. Kuanzia saa hiyo daftari la mahali limekufa: mstari unaosema “chumba cha wahasibu” sasa unaelekeza kwa mlinzi wa geti. Hakuna kengele itakayolia kueleza kosa hilo. Litakaa kimya miezi au miaka, mpaka siku ya moto.

Vivyo hivyo kwa vifaa vya Wi-Fi. Kila kimoja kina utambulisho wake wa kipekee, na mfumo hukisia kwamba simu iliyounganishwa nacho iko karibu nacho. Makisio hayo ni mazuri maadamu kifaa kiko palepale kilipoandikishwa. Akitokea mtu akakitoa ukumbi wa mikutano kukipeleka mapokezi kwa sababu wageni wanalalamika, ameuhamisha ukumbi mzima kwenye ramani ya dharura bila kujua.

Kompyuta mpakato ndiyo ngumu kuliko zote. Mfanyakazi anaifungua nyumbani kwake Rwamishenye, au akiwa kazini Nshamba, na kwa usalama wa taarifa inaunganishwa kwanza na makao makuu kupitia njia ya siri ya mtandao. Kwa mtambo wa simu, yuko Dar. Njia ya uhakika ni kumuuliza mwenyewe kila anapoingia kutoka mahali papya: uko wapi leo? Watumiaji wengi hulibonyeza swali hilo lipite ili waendelee na kazi. Ni swali la sekunde kumi, nalo lina uzito kuliko nywila wanayoilinda kwa bidii.

Yapo majengo ambamo suala la chumba huwa suala la uhai kwa namna ya wazi zaidi. Hospitali kongwe za Muleba kama Rubya na Ndolage, au ile ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, zina wodi, maabara, stoo na nyumba za watumishi ndani ya eneo moja. Anwani moja ya geti haisemi moto uko wodini au jikoni. Shule za bweni ni hivyo hivyo. Kagera haijasahau usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, wilayani Kyerwa, bweni la shule ya msingi ya Byamungu lilipoungua na watoto 10 kupoteza maisha. Moto wa bweni hauwapi watu dakika za kuulizana njia.

Msingi wa kujenga juu yake upo. Februari 8, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma operesheni ya anwani za makazi, na katika miezi michache barabara zikapewa majina, nyumba namba, hata katika mitaa ambayo haikuwahi kuona kibao. Sensa ya Agosti 23 mwaka huo ilizitumia. Postikodi nazo zina mantiki nzuri kwa kazi hii: tarakimu tano zinazoshuka kutoka kanda hadi mkoa, wilaya na kata. Za Kagera zinaanza na 35. Kagondo ya Bukoba na Kagondo ya Muleba zinasikika sawa masikioni, lakini kwa postikodi haziwezi kuchanganywa. Taasisi inayoandika postikodi na namba ya jengo kwenye daftari lake la simu imeshatatua nusu ya tatizo bila kununua chochote.

Mfano mzuri wa kuheshimu taarifa za mahali umo katika sekta ya afya. Mfumo wa m-mama, ulioanza kujaribiwa Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, humwezesha mama mjamzito au mzazi mwenye dharura kusafirishwa baada ya kupigwa simu 115 bila malipo. Kwenye kituo cha uratibu, mhudumu hutambua mgonjwa alipo na kituo cha afya kinachomfaa, kisha huita gari la wagonjwa, na lisipopatikana huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishafikisha mgonjwa. Nguvu ya mfumo huo iko kwenye orodha iliyoandaliwa kabla ya dharura, ya vituo, umbali na madereva. Mpigaji haulizwi mambo ambayo yangeweza kujulikana tangu jana.

Watu wengi watauliza kwa nini kuhangaika na simu za mezani wakati kila mtu ana ya mkononi. Ni hoja ya kweli, lakini simu ya mkononi nayo ina mipaka yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, unasema laini ni ya nani. Hausemi mwenyewe amesimama wapi. Mnara unaweza kusema simu iko upande gani, ila mnara mmoja wa teknolojia ya GSM unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35. Ukichora duara la umbali huo kila upande juu ya Muleba, linameza vijiji, milima na kipande kikubwa cha ziwa chenye visiwa. Simu janja inaweza kujipima kwa setilaiti ikakaribia kabisa mahali ilipo, na Uingereza mwaka 2014 ilianza kuzituma taarifa hizo moja kwa moja kwa waokoaji. Lakini utaratibu huo hufanya kazi pale tu ambapo kituo cha dharura kimeunganishwa kuupokea, na ndani ya jengo la zege setilaiti haijui ghorofa.

Ziwani tatizo ni kubwa zaidi, na halikuanza leo. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni za Zain na Ericsson pamoja na umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, zilishirikiana kusukuma mawimbi ya simu hadi takriban kilomita 20 ndani ya Ziwa Victoria ili wavuvi waweze kuita msaada. Mvuvi wa kisiwa cha Bumbire au Goziba anaweza kupata mtandao, lakini “niko katikati ya maji” si anwani.

Na haki lazima itendeke kwa upande wa pili. Novemba 6, 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Mahali palijulikana na kila mtu. Watu waliiona kwa macho kutoka ufukweni, na wavuvi walifika kwa mitumbwi kuokoa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokolewa na 19 walifariki. Kujua mahali hakumtoi mtu majini. Kunaokoa dakika zinazopotea kabla ya mwokoaji kuondoka alipo, na vifaa, mafunzo na watu wa kufika huko ni deni jingine kubwa ambalo daftari la simu haliwezi kulilipa.

Wafanyakazi wengine wana wasiwasi wa namna tofauti. Mfumo unaojua simu ya kila mtu iko chumba gani unaweza kugeuzwa kuwa wa kuwachunguza waajiriwa. Wasiwasi huo ni wa haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililoelezwa wazi na zitumike kwa kusudi hilo. Mwajiri mwema atawaambia watu wake mapema: taarifa za mahali zimewekwa kwa ajili ya dharura, na wanaoruhusiwa kuziona ni hawa.

Kazi iliyobaki haihitaji bajeti ya mwaka mpya wa fedha. Mtambo upangwe ili 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zitoke bila tarakimu ya kutangulia, na zikipigwa, mapokezi na mlinzi wajue papo hapo, kwa sababu mara nyingi mlinzi wa geti ndiye atakayewapokea waokoaji na kuwaonyesha njia. Simu za dharura za tawi la Bukoba zitokee kwenye laini ya Bukoba, hata kama nyingine zote zinapitia Dar. Kila swichi inapobadilishwa au idara inapohama chumba, kazi isihesabiwe imekwisha mpaka daftari lisahihishwe. Na angalau mara moja kwa mwaka ifanyike simu ya majaribio, kwa makubaliano ya awali na polisi na zimamoto, ili isikike mpokeaji anaona nini upande wake.

Wewe unayesoma ukiwa ofisini Kashai, Kemondo au Muleba mjini, tazama simu iliyo mezani kwako. Chukua karatasi, andika jina la jengo na namba yake, barabara, kata, wilaya, postikodi, ghorofa na chumba, ubandike juu ya simu hiyo ili hata mgeni aweze kuisoma kwa sauti akiwa anatetemeka. Na kama uko Kagondo, andika ni Kagondo ipi.